Mipira ya stenlesi na breki za mjomba

Nilikuwa Kyela wiki mbili, mchele nimekula wa kutosha, na nimerudi na hoja ambayo najua wapenzi wa Land Cruiser wa kule Mikocheni hawataipenda. Potelea mbali, naisema.

Mjomba wangu ana Land Cruiser ya zamani, ya kazi. Inabeba kakao na mpunga kutoka upande wa Ipinda na Matema, na ukitokea msiba inabeba ukoo mzima. Mwaka jana binamu yangu wa Dar aliinyanyua springi, akaivalisha tairi kubwa, na juzi akatuma zawadi nyingine: seti ya mipira ya breki ya stenlesi, inang'aa kama cheni ya bibi harusi. Mzee akaniita. "Mjomba," akasema (kwetu mjomba na mpwa wote tunaitana mjomba), "wewe ni mwandishi, nisomee hii karatasi. Hii kitu inasaidia nini?"

Nikamsomea. Ukikanyaga breki, masta silinda inasukuma mafuta kupitia paipu za chuma mpaka karibu na magurudumu. Pale ambapo gurudumu linapanda na kushuka au kukata kona, paipu ngumu ingevunjika, kwa hiyo pana kipande cha mpira kinachokunjika. Mpira ukizeeka unavimba kidogo kila ukikanyaga, na pedali inakuwa laini kama unakanyaga sponji. Hii ya kisasa ndani ni teflon na nje imesukwa nyuzi za chuma kisichoshika kutu. Haivimbi kirahisi, jiwe haliichani kirahisi, na teflon haipitishi unyevu kama mpira wa kawaida. Yote hayo ni kweli. Na kwa gari lililonyanyuliwa kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa: unaweza kupata iliyo ndefu zaidi, maana ile ya kiwandani huvutika mpaka mwisho gurudumu likining'inia shimoni.

Basi ikafungwa. Fundi akatoa upepo, akajazia mafuta kidogo juu ya yale ya zamani, akachukua chake. Pedali ikawa ngumu, safi kabisa. Mjomba akawa anawaonyesha majirani.

Siku nne baadaye tulikuwa tunatoka Mbeya, gari limejaa. Nyuma alikaa mama mkubwa na wajukuu wawili juu ya mizigo. Tumeshaipita Tukuyu, tunashuka, migomba kushoto na kulia, na mjomba anakanyaga breki kila kona kama ilivyo desturi yake. Kwenye kona moja pedali ikazama. Akaipampu, ikarudi kidogo, ikazama tena. Mbele yetu kulikuwa na bodaboda yenye abiria wawili. Sitasahau jinsi mzee alivyonyamaza. Akapiga gia ya tatu, injini ikalia, akapiga ya pili, akavuta hendibreki, akaliingiza gari kwenye migomba ya watu. Hakuna aliyeumia. Migomba mitatu tuliilipa.

Nikaingia chini ya gari nikiwa na uhakika kwamba mpira mpya umechomoka. Mipira yote ilikuwa salama, inameremeta. Kilichotoboka ni paipu ya chuma, ile ya kawaida, inayopita juu ya difu ya nyuma. Ilikuwa imeoza kwa kutu chini ya tope ambalo hakuna aliyewahi kulikwangua. Wanaoijua Kyela wanaijua mvua yake: wilaya ile inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tope linakaa juu ya difu miezi na miezi. Breki za mbele zilibaki, kwa kuwa gari lile lina njia mbili za mafuta, lakini mbele peke yake, kwenye mteremko, na mzigo ule? Na mafuta yenyewe yalikuwa meusi kama kahawa.

Hapo kwenye mafuta nataka nikae kidogo. Tukuyu iko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya mita 500. Gari la tani 3 likishuka mita 1,000 linatoa nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji, yaani ndoo nne kubwa zinatokota. Sehemu inachukuliwa na upepo, sehemu na injini kama uko kwenye gia. Ukishuka na fri, au na gia nyepesi huku mguu uko kwenye pedali, inaishia kwenye breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205. Lakini yanafyonza maji kutoka hewani, na yakishafyonza yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hata kama paipu zote ni nzima. Ndiyo maana inashauriwa kuyabadilisha yote kila baada ya miaka miwili. Stenlesi haigusi tatizo hilo.

Fundi wa barabarani alikuja na nyundo. Alitaka kuikunja ile paipu, aigonge izibe, kisha ajazie oili ya hydroliki. "Itawafikisha." Mjomba akaniangalia, maana giza lilikuwa linaingia. Oili ile inavimbisha na kuharibu raba zote za ndani, mpaka masta silinda. Nikakataa, tukabishana mbele ya mama mkubwa, jambo ambalo si adabu, na mwisho tukalala Tukuyu kwa baridi.

Sisemi mipira ya stenlesi ni mapambo. Nasema inakuja mwisho. Kwanza paipu za chuma zikwanguliwe na zikaguliwe hadi juu ya difu, mafuta yamwagwe yote, shuu na pedi zitazamwe, dereva ashuke na gia aliyoichagua kabla ya mteremko. Pesa ikibaki, funga stenlesi, lakini usinunue kwa kung'aa. Tafuta alama ya DOT kwenye hosi. Kanuni ya Marekani inataka hosi ya namna hiyo ichezeshwe kwenye mashine saa 35 mfululizo bila kupasuka. Na ujue kwamba ukishaifunga huwezi tena kuona mpira wa ndani umepasuka au la, na kwamba ule msuko ukisugua paipu nyingine unaikata kama msasa.

Binamu nimempigia simu. Kakasirika, anasema nimemdharau mbele ya baba yake. Nikamtumia picha ya ile paipu. Hakujibu siku mbili, siku ya tatu akaniuliza urefu wa paipu zote kuanzia masta silinda hadi nyuma ni mita ngapi.