Chai ya Mkutanoni

Mwezi Juni nilijiwekea nadhiri ndogo: siku thelathini bila soda, bila keki, bila maandazi, na chai yangu bila sukari. Sikuwa nimeamriwa na daktari. Nilitaka tu kujua kama mtu anayewafundisha vijana habari za uhuru wa kuamua anao uhuru huo mbele ya kikombe chake mwenyewe.

Nyumbani sikupata taabu kubwa. Siku za mwanzo kichwa kilikuwa kizito, kisha ulimi ukazoea. Taabu ilinisubiri kazini. Siku ya sita nilihudhuria warsha. Saa nne asubuhi ikaletwa chai iliyokwisha kutiwa sukari tangu jikoni, ikifuatana na maandazi na keki. Mchana kila sahani ilisindikizwa na soda. Nilipoomba chai isiyo na sukari, mhudumu aliniinamia akauliza kwa upole: "Samahani, mzee, una sukari?"

Swali hilo limebaki nami. Lugha yetu imekipa kitu na ugonjwa jina moja, na desturi yetu humruhusu mtu kukikataa kitu pale tu ugonjwa unapokuwa umeshaingia. Mzima hana udhuru.

Siku ya kumi na tisa nadhiri ilivunjika. Nilikuwa msibani, na bibi mmoja wa familia ya marehemu aliniletea kikombe kwa mikono miwili: "Karibu chai, mwanangu." Nilikunywa, wala sijutii. Kikombe kile kilikuwa utu, na utu haurekebishwi kwa waraka.

Lakini chai ya mkutanoni ni jambo jingine. Hiyo hununuliwa kwa fedha za umma, kwa saini ya mtumishi wa umma, na inaweza kubadilishwa kwa waraka wa nusu ukurasa.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwa siku, na kwamba ingefaa zaidi ishuke chini ya asilimia 5, yaani takribani gramu 25 kwa mtu mzima. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina takribani gramu 37. Kwa hiyo mshiriki wa warsha huvuka kiwango hicho kabla ya kikao cha alasiri, kwa gharama ya mlipakodi, ambaye baadaye atagharimia pia kliniki za kisukari.

Najua nitakachojibiwa: mbeba mizigo wa sokoni hupata nguvu ya asubuhi kwa chai ya rangi na andazi, na msomi hana haki ya kumhubiria. Nakubali. Ndiyo maana sianzi na kikombe chake, wala sianzi na kodi. Afrika Kusini na Uingereza zilianza kutoza vinywaji vyenye sukari mwaka 2018, na huko Uingereza viwanda vingi vilipunguza sukari ili kukwepa tozo hiyo. Ni mjadala wa haki, lakini Serikali itakayomtoza mnyonge ilhali yenyewe inagawa soda vikaoni haitaaminika.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilipoadimika nchini, bei ilipaa, vibali vya kuagiza vikatolewa, na Bunge likawaka moto. Ilistahili. Natamani tungekuwa na nusu ya bidii hiyo kwa ajili ya wanaokatwa miguu kwa sababu ya kisukari.

Ombi langu kwa wasomaji walio maofisini ni dogo. Safari ijayo utakapoandaa bajeti ya kikao na kufika kwenye mstari wa viburudisho, andika maji, andika ndizi na machungwa, andika chai, na sukari iwekwe kando kwenye bakuli lake. Anayeitaka atajitilia. Asiyeitaka asilazimike kwanza kuugua.