Winchi si pambo la bampa, na fundi ajue kukataa kazi

Kibanda cha chipsi kinachotazamana na gereji yetu hapa Mukuru kwa Njenga kina tundu kwenye bati. Mtu akiuliza limetoka wapi, mama wa chipsi ananinyooshea kidole mimi.

Ilikuwa msimu wa mvua. Land Cruiser ya mteja ilizama kwenye tope, mita chache tu kutoka kwa lami. Gari lilikuwa limevikwa kila kitu: magurudumu makubwa, taa juu ya paa na winchi ya umeme kwenye bampa. Hiyo winchi niliifunga mimi. Tukaivuta kebo hadi kwa lori lililoegeshwa, mwenye gari akabonyeza rimoti. Winchi ikalia, ikavuta, ikanyamaza, ikavuta tena. Halafu kebo ikakatika. Sikuiona ikipita, nilisikia tu bati likilia. Mama alikuwa ameinama kuokota viazi.

Kusema ukweli, nilijua. Kebo ilikuwa kuukuu, nyuzi zimechomoza na sehemu moja imejikunja. Nilimwambia mteja, akacheka: "Hiyo ni ya picha tu, boss." Akanipa elfu mbili za kazi, nikachukua. Niliacha chuo kwa kukosa karo, na landlord hangoji.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja. Winchi ni chombo kinachoweza kuua, na fundi anayeifunga vibaya kwa sababu mteja ametaka hivyo ana makosa sawa na mteja.

Najua hii tamaa inatoka wapi. Rhino Charge ikikaribia kila mwaka, simu zinaanza kuingia. Mashindano hayo yalianza 1989 kuchangia Rhino Ark, shirika lililosaidia kujenga ua wa kuzunguka msitu wa Aberdare, takriban kilomita 400, uliokamilika 2009. Madereva hutafuta vituo 13 ndani ya saa 10, na aliyetumia njia fupi zaidi ndiye mshindi. Kwa hivyo wanakata moja kwa moja kwenye makorongo na mawe. Kule winchi ni mkono wa pili wa gari. Huku mtaani imegeuka kama cheni ya shingoni.

Sina noma na urembo. Lakini ukinunua, nunua kwa hesabu. Chukua uzito wa gari likiwa na mzigo, zidisha mara moja na nusu. Gari la kilo 3,000 linahitaji winchi ya kuvuta kilo 4,500, yaani karibu pauni 10,000. Ile ya pauni 9,500 unayouziwa kwa bei ya kutupa haifiki. Na namba iliyobandikwa ni ya kamba ikiwa imebaki safu moja tu kwenye ngoma. Kadiri safu zinavyoongezeka, nguvu inapungua. Ndiyo maana wazee wa kazi hutembea na kapi. Ukipitisha kamba kwenye kapi na kuirudisha kwa gari, nguvu inakaribia kuwa maradufu, japo mwendo unashuka kwa nusu.

Cha pili ni umeme. Winchi ya volti 12 ikivuta kwa nguvu zote inaweza kula zaidi ya ampia 400. Altaneta nyingi hutoa kama 100 hivi, kwa hivyo zinazobaki zinatoka kwa betri. Acha injini ikinguruma, vuta kidogo, pumzisha mota ipoe, vuta tena. Ukikwamilia rimoti kama unacheza gemu, utanusa harufu ya kuungua.

Matunzo nayo si siri. Ukitoka kwenye tope, toa kamba yote, ioshe, ikauke, kisha irudishe ikiwa imekazwa ili isijizamishe kwenye safu za chini. Safisha vichwa vya waya. Hata kama huendi popote, iwashe mara moja kwa mwezi. Winchi nyingi ninazofungua hazikufa kwa kazi, zilikufa kwa maji na kutu.

Wanaotaka kuongeza nguvu ndio hunitisha zaidi. Mtu anakuja anataka mota ya volti 12 ipewe 24 ili ikimbie. Itakimbia kweli, halafu utanunua nyingine. Kuna marekebisho ya maana: waya mnene wa ethi hadi kwa betri, swichi ya kukata moto, na kuhamisha kisanduku cha solenoidi mahali pakavu. Kamba ya sintetiki pia ni nzuri kwa sababu ni nyepesi, na ikikatika hairuki kwa hasira kama chuma. Ila inachukia jua na kingo kali, kwa hivyo usiipitishe kwenye rola zilizokwaruzwa na kebo ya zamani. Kebo yoyote ile, itupie gunia zito au jaketi katikati, fukuza watu, na asiiruke mtu.

Sasa turudi kwetu mafundi. Wengi wetu Njenga tulijifunza kwa kutazama, na hiyo si aibu. NITA iko hapo Industrial Area, unaweza kufanyiwa mtihani wa ufundi bila cheti cha chuo. Mimi najipanga nifanye wa Grade Three. Lakini karatasi haitakufundisha kusema hapana.

Juzi mteja alileta kebo iliyochoka akitaka niirudishe kwenye ngoma. Nikakataa. Akavuka barabara hadi gereji ya pili, akafungiwa kwa nusu saa. Nilikosa pesa, na hatari ikabaki palepale mtaani, mikononi mwa jirani yangu.

Kwa hivyo naomba kitu kimoja kwa magereji yote ya mtaa: tukubaliane. Kebo iliyochomoza nyuzi hatufungi, awe ni nani na alipe ngapi. Mmoja wetu akikataa, wa pili asikubali. Mteja atanung'unika, halafu atanunua kamba mpya, maana hatakuwa na pa kukimbilia.

Kebo ikikatika, mwenye gari mara nyingi yuko ndani, amefunga kioo. Anayesimama nje ni fundi, na mama wa chipsi.