RUBANI NAYE NI MFANYAKAZI

Katika soko la Kariakoo hapana mtu anunuaye gunia la mchele kwa kutazama uzuri wa gunia. Hulifungua, hutia mkono ndani, huhakikisha uzito wake juu ya mizani, ndipo hutoa fedha. Hiyo ni busara ya kawaida ya wananchi wetu. Lakini twaona kwamba busara hiyo husahauliwa kijana anapoitwa kuwa rubani wa ndege za abiria. Huiona kofia, huiona mistari ya dhahabu mabegani, husikia tarakimu ya mshahara, naye hutia sahihi siku ile ile. Sisi twasema jambo hilo halifai. Urubani ni kazi kama kazi nyingine, na mkataba wake hauna budi kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Hapana shaka wako wasomaji wetu watakaouliza: Je, gazeti la wafanyakazi lina haja gani na marubani, watu wenye mishahara ambayo msukuma mkokoteni wa Mtaa wa Msimbazi hataipata maishani mwake? Swali hilo ni la haki nalo lastahili jibu. Mfanyakazi hatambulikani kwa tai wala kwa viraka vya nguo; hutambulikana kwa kuwa anauza nguvu na ujuzi wake kwa mwingine kwa mapatano. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma mwaka 1947 kwa kudai mishahara na hali bora ya kazi, mgomo wao haukubaki gatini. Uliwafikia wafanyakazi wengine, wa reli wakiwamo. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu wake, halikuwa la makuli peke yao. Umoja wa wafanyakazi haukujengwa kwa kubaguana kwa ukubwa wa mshahara.

Tena liko jambo la pili. Rubani akipunjwa usingizi, hasara si yake peke yake. Nyuma ya kiti chake wamekaa mama aendaye Mwanza kuuguza, mfanyabiashara arudiye Mbeya, na mtoto wa shule. Kwa hiyo hali ya kazi ya rubani ni shauri la kila mwananchi apandaye ndege.

Na tuanze na deni. Kwa miaka mingi vijana wetu wamefuata mafunzo haya Kenya, Afrika Kusini, Ethiopia na mbali zaidi, na gharama yake hufika makumi ya maelfu ya dola. Ziko jamaa zilizouza viwanja na kufunga maduka ili mtoto mmoja apate leseni. Kijana wa namna hiyo hurudi nyumbani na saa 200 hivi za kurusha ndege, hali leseni ya juu, ile ya kuwa nahodha wa ndege kubwa ya abiria, yadai saa 1,500. Yuko katikati ya mto: deni liko nyuma, saa ziko mbele. Mwajiri alijua hilo vizuri. Ndipo huletewa karatasi isemayo kwamba kampuni itamfundisha kurusha aina fulani ya ndege, naye atajifunga kuitumikia kwa miaka kadhaa, au alipe gharama yote akiondoka mapema.

Hatusemi kwamba kifungo cha namna hiyo ni dhuluma siku zote. Kampuni iliyotumia fedha yake ina haki ya kuona matunda yake. Lakini kijana aulize: Gharama hiyo ni kiasi gani, na imethibitishwa kwa hati gani? Je, deni lapungua kila mwezi anaotumika, au labaki zima hadi siku ya mwisho? Na kampuni ikimwondoa yenyewe, nani atalipa? Maswali matatu haya yasipojibiwa kwa maandishi, mkataba huo ni minyororo.

Sasa na tuuangalie mshahara. Tarakimu itajwayo katika mahojiano mara nyingi ni jumla ya vitu vingi: mshahara wa msingi, posho ya nyumba, posho ya safari, na malipo kwa kila saa ya kuwa angani. Vitu hivyo havina uzito mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, isizidi miaka 10. Tuchukue mfano wa marubani wawili wapatao shilingi milioni 6 kila mmoja kwa mwezi. Wa kwanza mshahara wake wa msingi ni milioni 5. Wa pili ni milioni 2, na salio ni posho. Siku ya kulipwa mshahara wako sawa. Lakini wakipunguzwa kazini baada ya miaka 10, wa pili atapata sehemu mbili tu katika tano za kiinua mgongo cha mwenzake.

Malipo ya saa nayo yana siri yake. Saa ya kuwa angani si saa ya kuwa kazini. Rubani aweza kufika uwanja wa Julius Nyerere saa 10 alfajiri, akakagua ndege na hali ya hewa, akaenda Mwanza na kurudi, akangoja mvua ipite, akatoka saa 8 mchana. Amekuwa kazini saa 10, lakini saa zake za angani ni kama 3 tu. Tena saa za angani zina kikomo: kanuni za Ulaya, kwa mfano, humkataza rubani kupita saa 100 katika siku 28, na saa 900 katika mwaka, nasi hapa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina kanuni zake. Basi mtu asipige hesabu ya utajiri kwa saa ambazo sheria haitamruhusu kuruka. Aulize pia: mwezi ambao ndege imo karakana, nitalipwa saa ngapi hata nisiporuka?

Na usingizi? Hapa twawasihi vijana wa mjini wasikilize kwa makini. Rubani wa zamu za usiku hana budi kulala mchana. Nani alalaye mchana katika Kariakoo, penye mikokoteni, honi, vipaza sauti vya wauza nguo na malori yashushayo mizigo? Posho ya nyumba si mapambo ya mkataba, bali ni sehemu ya usalama wa ndege. Mkataba umtakao mtu awe tayari saa 9 usiku, usimpe gari wala uwezo wa kupata chumba cha utulivu, waomba uchovu, nao utaupata.

Dunia imekwisha kulilipia somo hili kwa damu. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya kampuni ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Bodi ya uchunguzi iliona kwamba kosa kubwa lilikuwa la nahodha katika kuiongoza ndege ilipoishiwa mwendo. Lakini ilisema pia kwamba yaelekea marubani walikuwa wamechoka, ingawa haikuweza kupima uchovu huo ulichangia kiasi gani. Katika mahojiano ya hadharani watu walisikia habari za mishahara midogo ya marubani wa kampuni ndogo, na jinsi rubani msaidizi alivyosafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi ili kufika kituo chake cha kazi. Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuongeza masharti ya ujuzi na kutaka kanuni mpya za mapumziko. Mbona mambo hayo yangojee makaburi?

Nasi tunayo majonzi yetu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, wakafa watu 19, marubani wote wawili wakiwamo. Twaitaja ajali hiyo si kwa kumtafutia mtu lawama, bali kwa kukumbusha kwamba kiti cha rubani ndicho cha mbele kabisa katika hatari. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi mtu aulize habari za bima ya maisha, na michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Aulize pia habari za bima ya leseni. Kwani rubani hupimwa afya kila mwaka, na daktari akikuta moyo au macho yana kasoro, kazi yaweza kukoma hata kama mikono ingali na nguvu.

Iko mizani nyingine: uzima wa kampuni yenyewe. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi mwaka 1946, lilivunjika mwaka 1977. Fastjet ilianza kuruka hapa nchini Novemba 2012 kwa nauli nafuu na shangwe nyingi. Desemba 2018 safari zake zilisimama. Katika Kenya, marubani wa Kenya Airways waligoma tarehe 5 Novemba 2022, wakarudi kazini tarehe 9 kwa amri ya mahakama. Na miongoni mwa madai yao makubwa lilikuwa la michango ya akiba ya uzeeni iliyosimamishwa wakati wa janga la korona. Basi mtu asitazame mwezi huu tu. Aulize: michango ya NSSF, ambayo jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, je, hupelekwa kweli kila mwezi? Wafanyakazi waliotangulia watamwambia.

Wengine husema, na waende Dubai. Ni kweli kwamba katika Falme za Kiarabu mishahara ni minono na haikatwi kodi ya mapato. Lakini huko chama cha wafanyakazi hakiruhusiwi, na kibali cha kukaa kimefungwa na kazi. Mwaka 2020 usafiri ulipodorora, Emirates iliwaachisha marubani kwa mamia. Fedha iwekwe upande mmoja wa mizani, na haki ya kusema iwekwe upande wa pili.

Kwa wakubwa wa mashirika yetu tuna neno. Tangu mwaka 2016 Serikali imelifufua Shirika la Ndege la Tanzania kwa kununua ndege mpya, za masafa mafupi na marefu, kwa fedha ya wananchi. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini ndege hununuliwa kwa hundi. Rubani mzoefu hukuzwa kwa miaka 10 na zaidi. Uzalendo ni deni la pande mbili. Anayemwambia kijana avumilie kwa ajili ya Taifa hana budi kumwonyesha mkataba ulio wazi, ratiba ya zamu inayoheshimiwa, na mshahara unaofika kwa tarehe yake. Pasipo hayo, tutakuwa tumejenga shule ya kuwafundishia wengine marubani.

Kwa vijana na wazazi wao twasema hivi. Sheria yamtaka mwajiri aweke masharti ya kazi kwa maandishi. Basi idaini karatasi hiyo, mwende nayo nyumbani, mwisome kifungu kwa kifungu. Mpelekeeni mtu wa chama cha wafanyakazi aisome nanyi. Msione haya kuuliza. Mwajiri mwema hachukizwi na swali, na yule achukizwaye amekwisha kuwajibu. Na mkiisha kuajiriwa, jiungeni na wenzenu, kwani haki ya kujiunga na chama imo katika sheria ile ile ya mwaka 2004, nayo haikuandikwa kwa ajili ya makuli tu.

Wazee wetu wa gatini hawakuwa na leseni wala kofia za dhahabu, lakini walijua thamani ya jasho lao, wakakataa kulipunguzwa. Yule apaaye juu ya mawingu asijione yu mbali nao. Naye apime kwanza, ndipo aruke.