Soda isiyo na sukari haiokoi jino: yanayowakuta vijana wetu Nakaloke

Ukishuka kwenye gari Nakaloke, kilomita chache kutoka jiji la Mbale kwenye barabara ya kwenda Kumi na Soroti, utaziona kreti za soda mbele ya duka karibu kila baada ya hatua chache. Saa ya mapumziko wanafunzi wanazizunguka. Jioni ni zamu ya vijana wa bodaboda, wengi wao wakiwa na chupa ndogo za vinywaji vya kuongeza nguvu kama Rock Boom au Sting. Maji ya chupa yapo, lakini bei yake inakaribiana na ya soda, na kijana mwenye noti moja ya shilingi elfu huwa hatafuti ushauri wa mtu.

Tunaandika makala haya kwa sababu ya swali la mama mmoja. Katika kikao cha wazazi, wenyeji na wakimbizi pamoja, mama huyo aliyetoka Kivu ya Kusini alieleza kwamba binti yake wa miaka 15 aling'olewa gego. Aliambiwa binti aache soda, na binti akahamia kwenye soda ya "zero", ile isiyo na sukari, inayopatikana katika maduka makubwa ya mjini Mbale. Mama alitaka kujua kama sasa meno yaliyobaki yako salama. Chumba kizima kiligeuka kumtazama, maana walio wengi pale walikuwa na swali hilohilo.

Jibu la kweli ni hapana, ingawa binti yule amepunguza hatari moja kati ya mbili. Kwanza tuielewe ile ya sukari.

Ndani ya kinywa cha kila mtu wanaishi bakteria. Unapokula au kunywa kitu chenye sukari, nao wanakula, na wanachotoa ni asidi. Asidi hiyo inayeyusha madini ya enameli, yaani lile ganda gumu jeupe la nje ya jino. Mate yako yanajitahidi kuirudisha hali ya kawaida, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa au zaidi. Ukipiga funda jingine kabla mate hayajamaliza, saa inaanza upya. Jino linapopoteza madini mara nyingi kuliko linavyoyarudisha, linatoboka. Huko ndiko kuoza kwa meno, na kwa wengi kunaanza bila maumivu yoyote.

Soda inaongeza tatizo kwa wingi wa sukari yake. Katika nchi nyingi Coca-Cola ya kawaida ina takriban gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 inakuwa na gramu 32 hivi, sawa na vijiko vinane vya chai. Chupa ya plastiki ya nusu lita inafika gramu 53, vijiko kumi na tatu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida hizo ni gramu 50 na gramu 25. Kwa hiyo kijana aliyemaliza nusu lita moja ameshavuka kiwango kile cha juu, hata kabla ya chai ya jioni, na wewe unajua chai yetu inavyotiwa sukari.

Lakini kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko hesabu ya vijiko: namna ya kunywa. Kijana anayemaliza soda yake pamoja na chakula cha mchana anayashambulia meno mara moja. Mwenzake anayeinunua chupa hiyohiyo saa nne asubuhi, akaifunga, akaiweka kwenye begi na kuipiga funda moja moja mpaka saa kumi, ameyaweka meno yake ndani ya asidi siku nzima. Sukari ni ileile, pesa ni ileile, hasara si moja. Chupa ya plastiki yenye kifuniko ndiyo iliyoleta tabia hii. Zamani soda ya chupa ya kioo uliinywa palepale dukani kwa sababu mwenye duka alitaka chupa yake.

Sasa tuje kwenye soda ya "zero" au "diet". Ni kweli haina sukari. Utamu wake unatokana na vitamu bandia kama aspatemu na sukralosi, na bakteria wa kinywani hawawezi kuvigeuza kuwa asidi kama wanavyofanya na sukari. Kwa upande wa kuoza kwa meno, basi, binti yule amefanya jambo la maana.

Tatizo ni kwamba soda yenyewe ni asidi tangu kiwandani. Koka, iwe ya sukari au ya zero, hutiwa asidi ya fosforiki. Soda za machungwa, limau na nanasi hutiwa zaidi asidi ya sitriki. Wanasayansi hupima ukali wa asidi kwa kipimo kiitwacho pH: maji safi yako karibu na 7, na namba ikishuka ukali unapanda. Enameli huanza kupoteza madini pH inapofika karibu 5.5. Koka ya kawaida iko kwenye 2.5 hivi, na ile ya zero haiko mbali nayo. Hapa bakteria hawahitajiki kabisa. Kinywaji chenyewe kinalilainisha na kulila ganda la jino. Madaktari wanaita hali hii mmomonyoko wa meno, nayo haifanani na kuoza. Huoni tundu jeusi. Unaona jino limekuwa jembamba, la manjano kwa sababu tabaka la ndani linaonekana, ncha za meno ya mbele zinang'aa kama kioo na kukatika vipande vidogo. Maji baridi yanauma. Na ganda lililoondoka kwa njia hii mwili hauliotesi tena.

Kwa nini tunawataja vijana hasa? Magego ya kwanza ya kudumu huota karibu na umri wa miaka 6, na ya pili karibu na miaka 12. Jino lililoota karibuni ganda lake bado halijakomaa, kwa hiyo asidi inalipata kwa urahisi zaidi. Ni umri huohuo ambao mtoto anaanza kushika pesa yake mwenyewe, kukaa mbali na macho ya mama, na pengine kwenda shule ya bweni. Jino analolipoteza akiwa na miaka 15 atakuwa bila hilo kwa maisha yake yote.

Unaweza kusoma lebo hata kama Kiingereza kinakupiga chenga. Viambato vingi huandikwa kwa namba. Ukiona 338, hiyo ni asidi ya fosforiki. 330 ni asidi ya sitriki. Ukiona 950, 951, 954 au 955, hivyo ni vitamu bandia. Usishangae kukuta namba hizo pamoja na sukari katika chupa moja, maana baadhi ya watengenezaji huchanganya vyote viwili. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vina asidi, na juu yake kuna kafeini.

Na kwa kuwa swali la vitamu bandia linatufikia mara kwa mara: Mei 2023 WHO ilishauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Julai mwaka huohuo wakala wake wa utafiti wa saratani uliiweka aspatemu katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaweza kusababisha saratani, huku kamati ya wataalamu wa usalama wa chakula ikibakiza kiwango kilekile kinachokubalika, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Ili kukivuka, kijana angelazimika kunywa chupa nyingi sana kila siku. Habari hizo zilizunguka kwenye WhatsApp kwa vitisho kuliko zilivyostahili. Kwa upande wa meno, kinachopaswa kukusumbua ni asidi.

Serikali zinafanya nini? Afrika Kusini ilianza Aprili 2018 kutoza kodi kulingana na gramu za sukari katika kinywaji, na Uingereza ikaanza ya kwake mwezi huohuo. Kule Uingereza kampuni nyingi zilipunguza sukari kuikwepa kodi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watoto na vijana waliolazwa hospitalini kung'olewa meno yaliyooza walipungua kwa takriban asilimia 12 kuliko ilivyotarajiwa. Nafuu hiyo ilikuwa kwa watoto wadogo. Kwa walio na umri wa miaka 10 hadi 18 haikuonekana badiliko la wazi. Uganda nayo inatoza ushuru wa bidhaa kwenye soda, lakini ushuru huo haupimi sukari: chupa tamu kupita kiasi na ile ya zero ziko kapu moja. Julai 2025 WHO ilizitaka nchi zipandishe bei halisi ya vinywaji vyenye sukari, pamoja na pombe na tumbaku, kwa angalau asilimia 50 ifikapo mwaka 2035. Mimi naiunga mkono kodi ya namna hiyo, lakini kwa tahadhari. Kodi inayohesabu sukari peke yake itawasukuma vijana kwenye chupa za zero, na tutabadilisha matundu kwa mmomonyoko. Na bei ya soda ikipanda wakati bomba la shule limekauka, mwanafunzi hajapewa chaguo jipya.

Lazima pia tuseme wazi kwamba soda si kinywaji tu kwetu. Mgeni akifika unamtuma mtoto dukani, kwa sababu kumpa mgeni maji matupu kunaonekana kama uchoyo. Kwenye sherehe ya kutambulisha mchumba kreti huhesabiwa mbele ya wazee. Sikukuu ya Idi, harusi, siku ya wazazi kutembelea shule: soda ipo. Ndugu zetu waliotoka Kongo, ambako huitwa sucré, wanajua jambo hili vilevile. Kwa familia iliyopoteza karibu kila kitu njiani, kuweza kumwekea mgeni chupa mezani ni heshima iliyorudi. Sitakuambia uiache heshima hiyo. Soda ya sherehe, inayonywewa na chakula kisha ikaisha, si adui mkubwa. Adui ni chupa ya kila siku ya begini, na ile inayonunuliwa pamoja na chapati moja badala ya chakula cha mchana. Wakimbizi wanaoishi nje ya makazi rasmi, kama wengi walioko Jinja na Mbale, kwa kawaida hawapati mgao wa chakula, na chupa ya aina hiyo imekuwa njia ya kuituliza njaa. Hapo kumlaumu kijana ni kukosea mlango.

Yapo mambo ambayo hayahitaji pesa nyingi. Maji yaliyochemshwa nyumbani na kutiwa kwenye chupa ya begini. Soda, ikiwepo, inywewe na chakula na kwa mara moja. Baada yake kijana asukutue kwa maji, wala asipige mswaki papo hapo, kwa kuwa ganda limelainika na mswaki utalikwangua. Angoje nusu saa. Dawa ya meno iwe na floraidi, kati ya 1,000 na 1,500 ppm kama inavyoandikwa kwenye boksi. Baadhi ya dawa za mitishamba zinazouzwa sokoni hazina floraidi kabisa, hata zikiwa na harufu nzuri. Mara mbili kwa siku, ya usiku kabla ya kulala ikiwa ndiyo ya muhimu zaidi. Juisi ya pasheni, ukwaju au ndimu nayo ni asidi, kwa hiyo usidhani umekimbia hatari kwa kubadili tu rangi ya glasi. Muwa, ambao watoto wa Jinja hawaukosi kwa kuwa mashamba ya Kakira yako jirani, una sukari pia, ila angalau utafunaji wake huleta mate mengi.

Kuhusu matibabu, usisubiri uvimbe. Tundu likiwa dogo jino huzibwa na kubaki kinywani. Wengi wetu hufika wakati kumebaki njia moja tu, kung'oa. Vituo vya afya vya daraja la tatu kwa kawaida havina mhudumu wa meno; anza na kituo cha daraja la nne au hospitali. Hospitali za Rufaa za Mkoa za Mbale na Jinja zina huduma ya meno. Ada za matibabu katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, na mkimbizi ana haki ya kuhudumiwa kama mwenyeji, ingawa dawa au vifaa vya kuzibia vikiisha unaweza kuelekezwa kununua nje. Beba kitambulisho chako cha ukimbizi au barua ya mwenyekiti wa LC1, fika asubuhi, na uliza kwanza kama jino linaweza kuzibwa kabla hujakubali ling'olewe. Kijana akivimba shavu au shingo, akapata homa, au akashindwa kumeza au kufungua kinywa, mpeleke siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.