Picha ya Mtu ni Amana



Mwezi uliopita mwanafunzi wetu mmoja alituonyesha katika simu picha ya mwenziwe amekaa kilabuni, chupa ya ulevi i mbele yake. Tulighadhibika, tukataka kumwita baba wa mtoto yule. Kijana akacheka: "Maalim, ni mchezo tu. Uso wake nimeutoa katika picha ya Maulidi, nikautia hapo." Tukaona haya, kwani tulikwisha kuamini kabla ya kuuliza.

Hatuandiki haya kwa kuichukia kamera. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika hukumu ya picha, nasi hatukuja kuamua baina yao. Elimu yenyewe ina asili kwetu: Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965, alibainisha ya kwamba jicho huona kwa nuru itokayo kwenye kitu, na aliichungua nuru ipitayo katika tundu na kuingia chumba cha giza. Kamera ni chumba hicho kilichofanywa kidogo.

Zamani za filamu, mkanda wa kawaida ulitoa picha 36, basi mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Uongo ulikuwapo, lakini ulitaka fundi na kazi ya saa nyingi, na negativu ilibaki kuwa shahidi. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Marekani aliunda kamera isiyotumia filamu. Tangu hapo picha ikaanza kuwa tarakimu, na tarakimu leo hugeuzwa kwa kidole cha mtoto.

Enyi vijana, kuongeza mwanga au kupunguza kando za picha si neno. Ni kama kuipiga pasi kanzu. Lakini kumweka mtu mahali asipopata kufika ni kumzulia. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga na kabla ya kumpelekea mwingine, khasa picha za arusini upande wa wanawake. Na picha ya asili ihifadhini bila ya kuigusa.

Nanyi wazazi, ikikujieni picha ya kuaibisha, kumbukeni amri iliyomo katika Suratul Hujurat: hakikisheni kwanza.

Kijana yule tulimtaka radhi aiombe kwa mwenziwe, mbele ya wote aliowaonyesha. Nasi pia tulimwomba mtoto yule radhi, ijapokuwa hakujua tulivyomdhania.

Wabillahi tawfiq.