Kamongo si Samaki Duni

Mwanachuo anapokuwa katika mazoezi ya kufundisha na kufikia somo la makundi ya wanyama, aghalabu huchora ngazi ubaoni. Chini huweka samaki, juu yake chura, kisha mjusi, ndege, na kileleni mtu. Kamongo naye, kwa kuwa vitabu humwita samaki wa kale, hupewa kidato cha chini kuliko sato na sangara. Ngazi hiyo huchorwa kwa nia njema na wanafunzi huinakili upesi. Hata hivyo naona haifai, kwa sababu humfundisha mtoto kwamba viumbe vilivyo hai leo vimepangwa kwa daraja, wengine wakiwa kazi iliyokamilika na wengine kazi iliyoachwa nusu. Mtoto akishazoea kufikiri hivyo juu ya samaki, hakawii kufikiri hivyo juu ya watu.

Neno "kale" lina maana yake halali. Ukoo wa kamongo ni wa zamani sana, na umbo lake halijaachana mno na lile tunaloliona katika mabaki yaliyogeuka mawe. Lakini kamongo aliyemo katika Ziwa Viktoria ni kiumbe wa leo. Amepitia muda ule ule wa mageuko ambao sisi tumeupitia. Anavuta hewa kwa mapafu. Jamaa zake wa mabwawa yanayokauka hujichimbia matopeni, hujifunika kwa ute unaokauka kama gamba, na kungoja mvua kwa miezi mingi. Hilo si jambo la kiumbe duni. Isitoshe, kwa undugu wa damu kamongo yuko karibu zaidi na chura, kuku na mtu kuliko alivyo karibu na sangara anayeogelea naye ziwani. Ngazi ya ubaoni haina mahali pa kuonyesha jambo hilo.

Tutalionyeshaje basi? Napendekeza tuanzie kwenye ubongo. Katika sehemu ya chini ya ubongo wa kila mnyama mwenye uti wa mgongo, juu ya tezi ya pituitari, zipo seli za neva zinazotengeneza vijiprotini vifupi vya kupelekea habari mwilini. Wataalamu huviita nyuropeptidi. Kimoja kinajulikana sana hospitalini, nacho ni oksitosini, ambayo mama hudungwa mara baada ya kujifungua ili asivuje damu nyingi. Mmarekani Vincent du Vigneaud aliitengeneza katika maabara mwaka 1953, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Ni mnyororo wa viungo tisa tu, yaani asidi amino tisa zilizoshikana.

Viungo tisa mtoto aweza kuvihesabu. Mwalimu na akate vipande vya karatasi vyenye rangi tisa mbalimbali, avitunge katika nyuzi tatu, kila uzi vipande tisa. Kipande cha kwanza na cha sita kiwe cha rangi moja, kwa maana ndivyo ilivyo. Uzi wa kwanza ni wa sato, ambaye kijiprotini chake huitwa isotosini. Wa pili ni wa kamongo, nacho huitwa mesotosini. Wa tatu ni wa mtu, oksitosini. Vipande vyote vilingane isipokuwa viwili. Cha nne kiwe na rangi yake katika uzi wa sato, na rangi nyingine iliyo moja katika uzi wa kamongo na wa mtu. Cha nane kiwe na rangi moja kwa sato na kamongo, ile ile ya kipande cha tatu, ila kwa mtu kiwe na rangi tofauti. Wanafunzi wazilinganishe nyuzi wenyewe. Watagundua kwamba kamongo ametofautiana na mtu mahali pamoja, na sato ametofautiana na mtu mahali pawili. Kisha mwalimu awaulize wautafute uzi wa chura na wa kuku. Jibu lake hushangaza: ni ule ule wa kamongo, bila tofauti hata moja! Baada ya hapo ngazi itakuwa vigumu kuitetea.

Mwanafunzi hodari atauliza seli hizo hujuaje la kutengeneza. Hapo hapana budi kueleza kwamba kila seli ya kamongo, iwe ya pezi au ya ubongo, imebeba maagizo yote ya mwili wake, yaani jeni zote; lakini kila seli husoma zile tu zinazohusu kazi yake. Wataalamu hukata ubongo vipande vyembamba sana, wakavimwagia kitambulisho kinachonasa ujumbe wa jeni moja peke yake, na seli zinazoisoma jeni hiyo hujitokeza. Usomaji wenyewe hubadilika kwa majira. Kwa kamongo wa Afrika Magharibi aliyelala matopeni imeonekana kwamba ujumbe wa jeni ya vasotosini, ndugu wa mesotosini, huenda sambamba na ujumbe wa jeni nyingine ya kufungulia njia za maji katika figo. Samaki anayekabiliwa na ukame anausoma upya ukurasa unaohusu maji.

Wapo wakufunzi wenzangu watakaosema kwamba haya ni mambo ya chuo kikuu. Majina ndiyo ya chuo kikuu, nami sitaki mtoto akaririshwe hata moja. Kulinganisha nyuzi tatu ni kazi ya mtoto wa shule ya msingi. Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni jingine: tofauti ya kiungo kimoja au viwili haitoshi kuthibitisha undugu. Ni kweli, na mwalimu aseme hivyo waziwazi. Uthibitisho umetokana na kulinganisha jeni kwa mamia. Nyuzi zetu ni mfano wa namna kazi hiyo inavyofanywa. Vilevile tusikimbilie kupima hadhi kwa wingi wa maagizo. Yule jamaa wa kamongo aishiye Amerika ya Kusini ana herufi za urithi zipatazo bilioni 91, kama ilivyotangazwa mwaka 2024, ilhali mtu anazo kama bilioni 3. Sehemu kubwa ya hizo ni marudio tu.

Katika andalio la somo tenga vipindi viwili, cha kwanza kwa kumtazama samaki mwenyewe, mapafu yake na mapezi yake membamba kama kamba, na cha pili kwa nyuzi. Shule iliyo mbali na ziwa itumie chura, kwa kuwa uzi wake ni ule ule.