Watuonyeshe programu mbele ordinatere zifike

Ordinatere mupya zinafika ku mine zikiwa tayari na programu ya mishahara ndani. Muuzaji anaipanga mara moja katika mashine ya mufano, kisha anaikopia katika zingine zote. Kosa moja kule kwake, ni kosa ku fishi ya kila mutumikaji huku kwetu.

Mutu wa zamu ya usiku anaingia saa ine, anatoka asubuhi. Programu yenye kufunga siku katikati ya usiku itamuhesabia vipande viwili. Sheria ya kazi ya 2002 inasema saa 45 kwa juma, zinazozidi zilipiwe zaidi. Karani naye anajibu tu: «Mashine ndiyo inasema.»

Sisi wa sendika tunaomba delege wetu waijaribu na fishi za zamani, mbele muuzaji akopie.